Safari ya Milimani Msimu wa Vuli: Jipeni Ruhusa ya Kugeuza

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, safari za kutoka Sengerema zimekuwa nyepesi. Ile foleni ya kivuko haitulazi tena njiani, na familia zinazoweka akiba kwenye vikoba zimeanza kuzungumzia mapumziko ya mbali: Lushoto, Marangu, Karatu, na wenye uwezo zaidi huvuka mpaka hadi Naivasha. Ni jambo jema. Aliyehangaika mwaka mzima anastahili kupata hewa ya baridi na kulala kwenye hoteli nzuri. Ila wengi wetu tunaipata nafasi hiyo kati ya Oktoba na Desemba, mvua za vuli zikiwa zinanyesha. Ndiyo maana naomba tukitafakari kisa hiki kabla ya kulipia vyumba.

Naivasha ni mji wa mapumziko kwenye Bonde la Ufa nchini Kenya, juu kiasi cha mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Wakazi wa Nairobi huenda huko kupumzika mwisho wa juma. Jirani yake ipo Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, ambako wageni huruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli, na ndani yake kuna korongo la Ol Njorowa. Ukishuka humo, kuta za mawe ya volkano husimama pande zote mbili, na pengine njia hubana hadi watu wanapita mmoja mmoja. Siku ya ukavu, maji ya chini hayavuki kifundo cha mguu. Watu hupiga picha, hucheka, huendelea mbele.

Jumapili ya tarehe 1 Septemba 2019, kundi la wageni lilikuwa ndani ya korongo hilo pamoja na mwongozaji wao. Vuli ilikuwa bado haijashika. Mvua kubwa ikanyesha sehemu za juu, maji yakakusanyika kwenye mifereji ya vilima na kushuka kwa ghafla mahali walipokuwa. Watu saba walifariki, mwongozaji akiwa mmoja wao. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya likalifunga korongo.

Sisemi kwamba marehemu walikuwa wazembe. Mimi nawe tungeweza kuwa humo, tukifurahi vilevile. Ila dalili zilikuwapo, na zinatuhusu sote.

Dalili ya kwanza ilikuwa historia. Aprili 2012, miaka saba kabla, vijana wa kanisa waliokuwa matembezini walikumbwa na mafuriko kwenye korongo hilohilo, na saba wakapoteza maisha. Mahali palipoua mara moja panaweza kuua tena, maana umbo la ardhi halijabadilika. Kabla ya kuchagua pa kwenda, uliza wenyeji: hapa pameshatokea nini mvua ikinyesha?

Dalili ya pili ni umbo lenyewe la mahali. Korongo lilichongwa na maji, kwa hiyo ni njia ya maji. Hatari yake haianzii kwenye wingu lililo juu ya kichwa chako. Inaanzia kwenye mvua ya mbali usiyoiona. Sisi wa Mwanza tunalijua hili kwa Mto Mirongo, unaopokea maji ya vilima na kuyamwaga katikati ya jiji. Mlimani mambo huwa makali zaidi, kwa sababu maji hushuka na tope, mawe na magogo. Tarehe 3 Desemba 2023, katikati ya vuli, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka baada ya mvua kubwa na tope likaufikia mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walifariki. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imeshatangaza mapema kwamba mvua za msimu ule zingezidi wastani katika maeneo mengi.

Dalili ya tatu imo ndani yetu, na ndiyo ninayoiogopa zaidi. Tukishalipa kianzio cha hoteli, tukashona sare na kuwaaga majirani, ulimi unakuwa mzito kusema "turudi." Mmoja anaona wingu zito upande wa mlima, ananyamaza asije akaonekana mwoga. Mwongozaji naye ananyamaza, kwa sababu tukirudi mapema huenda asilipwe. Hivyo watu wazima wenye akili zao wanasonga mbele, kila mmoja akimtegemea mwenzake aseme.

Dawa yake ni kuamua mapema, mkiwa bado nyumbani. Kabla ya kulipa, ulizeni kama hoteli inakubali kusogeza tarehe. Wiki ya safari, fuatilieni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, na mjue ngazi zake: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Someni taarifa ya mkoa mnaokwenda na wa njiani, siyo ya Mwanza peke yake. Kama mnakwenda Lushoto, kumbukeni kwamba barabara ya kupanda kutoka Mombo kupitia Soni ina kona kali ubavuni mwa mlima, na mvua kubwa huangusha udongo na mawe. Pandeni mchana, na dereva asiharakishwe.

Mkifika, mwambieni mwongozaji mbele ya wote: "Kaka, ukisema turudi, tutarudi, na ujira wako utakuwa uleule." Maneno hayo yanamfungua kinywa. Mkiwa bondeni au kwenye maporomoko, mkiona maji yaliyokuwa meupe yanageuka ya tope, majani na vijiti vinaanza kuelea, au mkasikia mngurumo kutoka juu, msisubiri kuhakikisha. Watoto kwanza, wote mpande sehemu ya juu, mizigo muiache.

Ndugu zangu wa Sengerema, nendeni mkapumzike. Ila kwenye bajeti ya safari wekeni na fedha ya kulala usiku mmoja zaidi pale mvua itakapowazuia, na mkubaliane kwamba hata mtoto akisema "turudi," atasikilizwa.