TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: "HADI SASA"

Bismillahir Rahmanir Rahim.

 

Leo nataka kuongea na wewe ambaye mkataba wako umeisha na bado hujapata kazi nyingine. Najua mpo wengi. Wenye kazi pia msome hadi mwisho, kuna yenu.

Hebu tuseme ni baada ya Alasiri. Umekaa kibarazani, bando limebaki kidogo, umefungua ukurasa wako wa LinkedIn. Kwenye kazi ya mwisho pameandikwa: *Mtunza stoo, 2021 hadi sasa.* Lakini wewe unajua kazi iliisha Desemba. Kidole kinakwenda pale pa kuhariri, kinarudi. Nafsi inakwambia: "Acha tu. Sijaandika uongo mpya, ni maneno ya zamani hayajafutwa. Mwajiri akiona niko kazini ataniheshimu. Akiona niko nyumbani atauliza nilifukuzwa kwa kosa gani."

Swali la leo ndilo hilo. Kuliacha neno "hadi sasa" ni uongo, au ni kujisitiri tu?

*Tuanze na haki ya nafsi.* Hoja ya sitara ina uzito, tusiibeze. Dini yetu haikutaka mtu aanike kila jambo lake. Na sisi watu wa Ngara tunazijua kazi za kuja na kuondoka. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipovuka daraja la Rusumo, mashirika yakaja, yakaajiri madereva, watunza stoo, wauguzi, wakalimani. Kambi zikafungwa, watu wakarudi shambani na barua zao ndani ya bahasha. Umekuja mradi wa umeme wa Rusumo, megawati 80 za nchi tatu. Ujenzi nao ulikuwa na mwanzo na mwisho. Mkataba kuisha si aibu, wala si kufukuzwa.

Lakini angalia tofauti. Sitara ni kunyamaza juu ya jambo ambalo mtu hakudai. Hulazimiki kuandika mshahara wako, wala ugomvi wako na bosi, wala kwamba mwezi uliopita ulikopa unga. Neno "hadi sasa" halijanyamaza. Linazungumza kila anapolisoma mtu, na linamwambia jambo ambalo halipo. Jiulize swali moja tu: huyu msomaji akijua ukweli, atafikiri tofauti? Na je, hiyo ndiyo sababu nimeliacha? Ukijibu ndiyo mara mbili, hapo sitara imekwisha. Umeingia kwenye kudanganya.

Katika Bukhari na Muslim imepokelewa kutoka kwa Asma bint Abi Bakr kwamba mwanamke mmoja alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama ni vibaya kumwonyesha mke mwenzake kuwa mume amempa kitu ambacho hakumpa. Mtume akamfahamisha kuwa mwenye kujionyesha kwa alichokuwa hakupewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uongo. Neno la Kiarabu hapo ni *zuur*. Na ndilo neno hilo hilo lililomo katika hadithi ya funga tunayoisikia kila Ramadhani, kwamba asiyeacha maneno ya *zuur* na kuyatenda, Allah hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji. Kwa hiyo ndugu yangu, usidhani ukurasa wako wa kazi uko nje ya saumu yako. Umefunga mdomo, kidole nacho kifunge.

*Sasa kuna wanaokosea upande wa pili.* Huyu amesikia kuwa Surat An-Najm aya ya 32 inatukataza kujitakasa nafsi, basi anaogopa kusema lolote. Amesimamia stoo miaka mitatu bila mfuko kupotea, anaandika "kibarua". Akiulizwa anachokiweza, anajibu "chochote tu". Anadhani huo ni unyenyekevu. Kumbe kuna mwajiri anayetafuta mtu wa aina yake hasa, na hamuoni.

Msome Nabii Yusuf, amani imshukie, Surat Yusuf aya ya 55. Alimwomba mfalme ampe usimamizi wa hazina za nchi, na akataja sifa zake mwenyewe: kwamba ni mlinzi na mwenye ujuzi. Je, alijitakasa? Hapana. Angeweza kutaja kuwa ni mtume, mtoto wa mtume, mjukuu wa mtume. Angeweza kutaja sura yake. Akataja mambo mawili tu yanayohitajiwa na kazi ile, kutunza na kujua. Na kazi yake ilikuwa imeshaonekana: alikwisha kutoa mpango wa kuhifadhi nafaka miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya shida. Tena alikuwa ametoka gerezani, amekaa humo miaka kadhaa. Wewe una pengo la miezi mitano unaona dunia imekwisha!

Kisha msome Nabii Musa, amani imshukie, Surat Al-Qasas. Ametoka Misri akikimbia, amefika Madyan hana nyumba wala kazi. Jambo la kwanza alilofanya ni kuwanyweshea mifugo mabinti wawili waliokuwa wakisubiri pembeni. Hakuna aliyemlipa. Akarudi kivulini, akamwambia Mola wake kuwa yeye ni fakiri, anahitaji kheri yoyote atakayoteremshiwa. Alipoitwa kwa mzee, alimsimulia kisa chake, hakuficha kwamba ametoka mbio kwa Firauni. Mzee akamtuliza. Na ni binti aliyesema aajiriwe, kwa sababu ni mwenye nguvu na mwaminifu. Yule binti alisema alichokiona kwa macho yake pale kisimani.

Basi kwa Yusuf tunajifunza kutaja tunachokiweza. Kwa Musa tunajifunza kutoogopa pengo, na kuwa pengo lenyewe lina kazi za kufanywa. Umewafundisha watoto hesabu bure jioni? Umekuwa mtunza hazina wa msikiti? Umelima mahindi na maharage ukaandika hesabu ya mbegu na mbolea? Hiyo ni kazi, iandike kwa jina lake. Lakini usiibatize jina la "Mkurugenzi Mtendaji" kwa sababu una shamba la ekari moja.

*Na uongo wa kazi una mwisho wake.* Tarehe 28 Aprili 2017, Rais Magufuli alikabidhiwa Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa wametumikia miaka mingi. Sitaki tuwacheke. Fikiria tu mtu aliyefanya kazi kwa jasho la kweli, siku zote hizo akijua msingi chini ya miguu yake si wake, na kila bahasha ya ofisini inamshtua. Leo ukijaza taarifa zako Ajira Portal, tangazo lenyewe linakuonya kuwa atakayewasilisha sifa za kughushi atachukuliwa hatua. Uongo mdogo wa tarehe na ule mkubwa wa cheti ni ndugu, mmoja humzoesha mtu mwingine.

Jambo jingine. Wengi tunaandikiwa na kijana wa steshenari, na siku hizi hata na akili mnemba. Si vibaya kusaidiwa. Lakini soma kabla ya kutuma. Kama pameandikwa unajua kompyuta kwa kiwango cha juu na wewe hujawahi kuiwasha, ulimi ni wa steshenari lakini jina ni lako, na utakayeulizwa ni wewe.

Basi leo kabla ya Magharibi, fanya hivi. Futa "hadi sasa", weka mwezi kazi ilipoisha. Andika mambo mawili au matatu unayoyaweza kweli, na mfano wa mahali ulipoyafanya. Andika wazi kuwa unatafuta kazi. LinkedIn ina ile duara ya kijani ya kuzungushia picha. Iweke, usione haya. Kutafuta kazi si kuombaomba.

*Nanyi wenye kazi.* Acheni kumuuliza mwenzenu mbele ya futari, "Bado tu?" Kuweni kama yule binti wa Madyan. Kama umemwona kijana ni mwaminifu, mtaje mahali panapohusika, kubali awe na jina lako kwenye wadhamini wake. Lakini sema ulichokiona, usiongeze. Ushahidi wa upendeleo nao ni *zuur*.

Simwahidi mtu kuwa akifuta maneno yale mawili simu italia kesho. Huenda ikachelewa. Ila usiku huu ukisimama tarawehe na kumwomba Ar-Razzaq riziki ya halali, utakuwa hujaanza kuitafuta kwa haramu.

Ewe Mola wetu, wafungulie milango waliokwama, wape kazi zenye baraka, zihifadhi ndimi zetu na vidole vyetu. Aamin.

Wallahu a'alam. Mtumie na ndugu yako anayehitaji. Tukutane kesho in shaa Allah.