Dawa Isiyomwagwa

Wanaochapa picha kwa platinamu na paladiamu ni wachache, tena watulivu, lakini kuna jambo ambalo wanaweza kulijadili hadi usiku wa manane: ni dawa ipi ifaayo kusafishia picha. Ufundi wenyewe ni wa kale. Mwingereza William Willis aliupatia hataza mwaka 1873, na msingi wake haujabadilika. Karatasi hupakwa mchanganyiko wa chumvi za chuma na za platinamu au paladiamu, hukaushwa mbali na jua, hulazwa chini ya negativu yenye ukubwa uleule wa picha itakayotoka, kisha huanikwa juani au chini ya taa ya urujuanimno. Mwanga hukibadili chuma tu. Dawa inayofuata ndiyo hukiwezesha chuma hicho kuigeuza chumvi ya madini ghali kuwa madini halisi, ndani ya nyuzi za karatasi, na yote hayo hutokea kufumba na kufumbua. Mkono ukisita wakati wa kumimina, alama ya kusita huko huweza kubaki pichani daima.

Kati ya dawa hizo za kusafishia, potasiamu oksaleti, hasa ikipashwa moto na kukutana na paladiamu, huleta vivuli vya hudhurungi vyenye uvuguvugu. Lakini ni sumu, na ikiingia mwilini huumiza figo. Amoniamu sitreti ni pole zaidi kwa mwili, na rangi yake huelekea weusi uliopoa. Kwa hiyo fundi anapochagua rangi huchagua pia kiasi cha hatari atakachoishi nacho, ilhali mtazamaji ataiona rangi peke yake. Je, tunapousifu uzuri wa kitu, tunawiwa kuuliza ulimgharimu nini aliyeutengeneza?

Linalotufikirisha zaidi ni kwamba dawa ya kusafishia haimwagwi. Ikishatumika huchujwa, hurudishwa chupani, na ikipungua huongezwa nyingine mpya juu yake, mwaka baada ya mwaka. Kila picha huacha humo chumvi zake kidogo. Mafundi wawili walionunua unga uleule siku ileile watajikuta baadaye na dawa mbili tofauti, kila moja ikiwa na tabia ya kazi zilizopita ndani yake. Anayebadili dawa kila anapokasirishwa na picha haipati dawa ya namna hiyo. Hawezi hata kujua kama kosa lilikuwa la dawa, la karatasi au la mkono wake. Zama hizi zimetuzoesha kuamini kwamba hekima yote imo katika kuchagua, na kwamba chaguo likituchosha lipo jingine linalotungoja. Chupa ile inapinga imani hiyo: ubora mwingine hauwezi kununuliwa siku ya kwanza.

Hata hivyo, udumifu nao una uchungu wake. Vita Kuu ya Kwanza ilipoipeleka platinamu viwandani na bei yake ikapanda, karatasi zake ziliadimika sokoni. Frederick H. Evans, aliyepiga picha ya ngazi za kanisa kuu la Wells mwaka 1903, hakuridhishwa na karatasi nyingine, akauacha upigaji picha. Miaka ya 1960, Irving Penn, mpiga picha ambaye tayari alikuwa na jina kubwa katika magazeti ya mitindo, aliurudia ufundi huo na kujifunza kupaka karatasi zake mwenyewe, tena kwa tabaka zaidi ya moja. Mmoja alikataa mbadala, mwingine alikataa kuiona njia iliyofungwa kuwa imekufa. Nani kati yao alikuwa mwaminifu zaidi?

Huenda uaminifu haupimwi kwa kung'ang'ania wala kwa kuacha, bali kwa kukifahamu kitu kwa kina kiasi cha kujua thamani ya kinachopotea. Ufahamu huo hauji kwa kulinganisha vitu kumi kwa juujuu. Huja kwa kukaa na kimoja, pamoja na kasoro zake, hadi mtu aweze kuzitofautisha na kasoro zake mwenyewe.