Safari ya dola 475

Bismack Biyombo na Myck Kabongo wote wawili walizaliwa Lubumbashi mwaka 1992. Biyombo tunamjua: mwaka 2011 alichaguliwa wa saba kuingia NBA, akadumu huko zaidi ya miaka kumi. Habari za Kabongo ndizo ningetaka kila kijana wa basketi mjini kwetu azijue, na mzazi wake pia.

Familia yake ilihamia Toronto angali mtoto. Mwaka 2011 aliingia Chuo Kikuu cha Texas akiwa mchezeshaji mwepesi, mwenye jicho la pasi, akihesabiwa miongoni mwa vijana bora wa Amerika Kaskazini. Kisha akakubali kulipiwa ndege hadi Cleveland akafanye mazoezi na mwalimu binafsi. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilikuwa imekataza jambo hilo. Thamani ya yote: dola 475.

Kwa fedha kama hizo kijana hukosa mechi chache, akarudi uwanjani. Lakini Kabongo alipohojiwa alitoa maelezo yasiyo ya kweli. NCAA ikamfungia msimu mzima. Chuo kikakata rufaa, adhabu ikashuka hadi mechi 23. Naielewa hofu ya kijana wa miaka 20 aliyekalishwa mbele ya wakubwa, lakini hofu hiyo ndiyo iliyomgharimu kuliko ile tiketi.

Aliporudi Februari 2013 alionyesha timu ilichokuwa imekosa. Dhidi ya Oklahoma, Texas ilikuwa nyuma kwa pointi 22. Akafunga 31, wakashinda katika muda wa nyongeza. Lakini tangu arudi alipata mechi 11 tu za kujiuza. Juni ile NBA ilichagua wachezaji 60, wa kwanza akiwa Anthony Bennett wa Toronto hiyohiyo, lakini Kabongo hakuitwa. Sisemi uongo pekee ndio uliomfungia mlango, maana umbo lake lilikuwa dogo kwa ligi ile. Ila mechi 23 ni nyingi mno kwa anayetafuta kuonekana. Hakucheza hata mechi moja ya msimu wa NBA.

Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo, lakini bado si kila zawadi ni halali. Wakala akimtumia mwanao tiketi, kijana aiulize kwanza ofisi ya kanuni ya chuo chake, kwa maandishi. Na kama ameshasafiri, aende mwenyewe akaeleze kabla hajaitwa.