Ndege Iliyopita Bila Kutua



Vijana wenzangu, Jumapili ya tarehe 10 Januari 2016 Kanisa liliadhimisha Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana. Siku hiyohiyo, huko Korea Kusini, ndege kubwa ya kivita ya Marekani aina ya B-52 ilipita chini chini juu ya kambi ya anga ya Osan, kusini mwa Seoul. Ilitoka kisiwa cha Guam, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka hapo, ikisindikizwa na ndege ndogo za kivita za Marekani na za Korea Kusini. Wapiga picha wakapiga picha zao. Ndege ikapita, ikarudi Guam. Haikutua wala haikuangusha kitu.

Siku nne nyuma yake Korea Kaskazini ilikuwa imefanya jaribio lake la nne la bomu la nyuklia. Na B-52 inaweza kubeba silaha za nyuklia. Kwa hiyo ujumbe ulieleweka bila barua. Kwa adui: tunaweza kufika kwako. Kwa rafiki: hatujakuacha.

Nakiri mimi napenda ndege. B-52 ina injini nane, na ya mwisho ilitengenezwa mwaka 1962, yaani ni mzee kuliko baba yangu na bado inaruka. Wakubwa wanaipenda kwa kazi hii kwa sababu inaonekana. Nyambizi hujificha. Kombora likisharushwa huwezi kuliita lirudi, lakini ndege unaweza kuituma ikaonekana, kisha ukairudisha nyumbani. Urusi na China nao wana ndege zao za kutembeza hivyohivyo.

Sasa, sitaki kuwacheka watu wa Seoul. Ukikaa mahali panapofikiwa na mizinga ya jirani asiyekupenda, ndege ya rafiki ikipita huenda ukalala usingizi. Hofu yao ni ya kweli. Ila Katekisimu, namba 2315, inatuonya kwamba kurundika silaha ili kumtisha mpinzani hakuleti amani ya uhakika na hakuondoi vyanzo vya vita. Na Papa Fransisko alipokwenda Hiroshima mwezi Novemba 2019 alisema wazi kwamba si kutumia silaha za nyuklia tu, hata kuzimiliki ni kinyume cha maadili.

Tena vitisho vya angani vina ajali zake. Tarehe 1 Aprili 2001, karibu na kisiwa cha Hainan, ndege ya upelelezi ya Marekani na ndege ya kivita ya China iliyoifuata ziligongana. Rubani Mchina, Wang Wei, alipotea baharini. Wamarekani 24 walitua Hainan kwa shida wakashikiliwa siku 11. Hapakuwa na vita siku ile. Mmoja alikuwa anapeleleza tu, na mwenzake anamfuatilia.

Nirudi kwenye ile Jumapili. Injili ya Luka ilisomwa makanisani: Yesu amebatizwa pamoja na watu wengine, yuko kwenye foleni yao, anasali. Mbingu zinafunguka. Hapo ndipo Mungu angeweza kuonyesha nguvu zake zote, na Warumi walikuwa palepale nchini na majeshi yao. Kinachoshuka ni Roho Mtakatifu kwa umbo la njiwa, na sauti ya Baba inayomwambia Mwana kwamba anampenda. Basi. Na ule utabiri wa Isaya sura ya 42, unaosomwa kwenye sikukuu hii, unamtaja mtumishi asiyepiga kelele njiani, ambaye hata mwanzi uliopondeka hauvunji.

Asiyepiga kelele njiani. Jamani, hapo nilishikwa.

Mwaka jana mimi na kaka yangu tulinuniana miezi minne kwa sababu ya hela ya mauzo ya mahindi ya mama. Nani alikosea siandiki hapa. Nilipopata pikipiki nikawa napita mbele ya duka lake jioni, napiga resi, macho mbele kama simwoni. Sikusimama hata siku moja. Nilitaka anione tu, ajue kwamba naishi bila yeye. Naye akajibu: akawa anafungulia redio kwa sauti kubwa kila akinisikia nakuja. Mama alikuwa anakaa kibarazani katikati yetu, akichambua mchele, akisikia pikipiki na redio. Siku moja akaniuliza, "Hivi nyie mnaongea na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kuungama wiki ile, na padre hakunipa sala nyingi. Aliniambia nizime injini mbele ya lile duka. Ilinichukua siku tatu kuweza. Nilipozima, kaka alitoka nje akiwa ameshika kitambaa cha kufutia meza, akasimama. Nikamwomba soda. Hatukumaliza habari ya hela siku ile, na kusema kweli mpaka leo haijaisha yote, lakini mama anatuona tunakula sahani moja.

Kitu kimoja kuhusu Korea ambacho wengi hatukijui: Askofu Mkuu wa Seoul ndiye pia Msimamizi wa Kitume wa Pyongyang, kule Kaskazini. Mchungaji mmoja, kondoo wa pande zote mbili za mpaka, na wale wa upande wa pili hawezi kuwatembelea kama anavyotembelea parokia zake.

Jioni hii tukisali Rozari, tutoe fumbo moja kwa ajili yake na kwa ajili yao. Tuwakumbuke pia marubani wa pande zote, maana wengi ni vijana kama sisi. Na wewe uliyenuniana na mtu, nami nakuombea, niombee na mimi na kaka.