Sura ya Mama na Haki ya Mama

Ndugu zetu wa pwani waendao Nakuru kwa biashara au kwa ziara hupita Naivasha. Huko kando ya ziwa pana nyumba iitwayo Elsamere, iliyokuwa makazi ya Joy Adamson, mwanamke mwenye asili ya Austria aliyefariki 1980. Wengi humjua kwa khabari za simba wake, Elsa. Lakini kabla ya hayo alikuwa mchoraji. Baada ya Vita Vikuu vya Pili serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuwachora watu wa Kenya katika mavazi yao ya asili, wa bara na wa pwani, naye akachora mamia ya picha. Kitabu chake juu ya watu hao kilitoka 1967.

Maulamaa wamekhitalifiana juu ya picha. Sheikh Muhammad Abduh wa Misri, aliyefariki 1905, hakuona ubaya katika picha isiyoabudiwa, yenye kuhifadhi elimu, wengine wamezuia. Mas'ala yetu leo si hayo. Twauliza: picha ya mwanamke yatueleza nini juu yake?

Kwa ajuaye kutazama, yaeleza jambo. Kwa Wamasai wa Bonde la Ufa, pambo la shaba lining'inialo masikioni ni dalili ya mwanamke aliyeolewa. Lakini pambo halisemi ya kuwa nyumba aliijenga yeye kwa mikono yake, wala halisemi shauri alilompa mumewe, wala aliyowafunza wanawe. Mchoraji aliagizwa mavazi, akaleta mavazi. Hatumlaumu.

Wa kulaumiwa ni sisi tuchorao kwa ndimi. Twamsifu mama arusini na mimbarini, twakariri ya kuwa Mtume (s.a.w.), alipoulizwa ni nani astahikiye zaidi kutendewa wema, alimtaja mama mara tatu, kisha baba. Halafu twamtoa binti masomoni mapema. Na baba akifa, fungu la binti, lililowekwa na Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nisaa, huishia mikononi mwa ndugu zake wanaume. Sifa hizo zina faida gani kwake?

Huenda mtu akasema: kazi ya mwanamke ni kuzaa na kulea, elimu ya nini? Jawabu ni ya kuwa kulea ni kufundisha, na asiyefundishwa atafundisha nini? Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa mambo ya dini na masahaba wakubwa. Na hapa kwetu, sura ya Mwana Kupona hatuijui, wala mapambo yake hatukuyaona. Lakini utenzi aliomtungia bintiye mwaka 1858 wasomwa hata leo. Angalikuwa hakusoma, bintiye angalirithi nini katika akili yake?

Basi kila mwenye binti na atazame: yuko masomoni? Na kila aliyegawa mirathi na ajihesabu: dada yake amepokea fungu lake kamili? Asiyelitoa na alitoe leo, kabla hajaulizwa na Mola wake.

Wabillahi tawfiq.