Kujitolea na Haki ya Kukataa

Kujitolea ni neno ambalo sarufi yake inabeba tatizo la kifalsafa. Ndani yake mna kitenzi toa, mna kiambishi ji- kinachomfanya mtoaji awe ndiye pia kitolewacho, na mna kauli ya kutendea, yaani mnyambuliko unaoashiria kwamba tendo linafanywa kwa ajili ya mtu au jambo fulani. Lakini huyo anayetendewa hatajwi, na kwa mujibu wa neno lenyewe mtu aweza kujitolea pasipo aliyemwomba wala aliyekubali kumpokea. Hapo ndipo swali linapozuka, kama kitu kinaweza kuitwa zawadi ikiwa anayepewa hana uwezo wa kukikataa.

Unguja inalo jambo la kusema juu ya swali hilo. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyofahamika kwa kifupi kama UMCA, ilichipuka kutokana na hotuba aliyoitoa David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857, na baada ya jaribio lake la kwanza kusambaratika upande wa Nyasa, ikahamia Zanzibar mwaka 1864 chini ya Askofu William Tozer. Wamisionari wake hawakulipwa mshahara bali walipewa chakula, malazi na posho ndogo, walitarajiwa kuishi bila ndoa, na si wachache walioondolewa na homa kabla hawajazoea hata jua la pwani. Kama kujitolea kunapimwa kwa hasara anayoipata mtoaji, basi ni wachache wa kushindana nao. Ila kipimo hicho kinamtazama mtoaji peke yake, na kinamsahau mtoto aliyeketi mbele yake.

Mtoto huyo alikuwa nani? Watoto wa Mji Mkongwe walikuwa na vyuo vyao, maana yake madarasa ya Kurani yaliyoongozwa na walimu wanaojulikana mtaani, na wazazi wao walikuwa na uwezo wa kumwambia mgeni hapana, wakautumia. Wanafunzi wa mwanzo wa misheni walikuwa wavulana watano walionaswa katika jahazi la watumwa, ambao Sultani Majid alimkabidhi Tozer, na baadaye shule ya Kiungani kwa wavulana na ile ya Mbweni kwa wasichana zilijaa watoto waliookolewa baharini na manowari za Kiingereza, wasio na baba, mama wala ukoo wa kuwasemea. Mjini waliokombolewa namna hii waliitwa mateka, na ijapokuwa waliokuwa wakilitumia neno hilo walimaanisha tu kwamba wametekwa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara, lugha ilihifadhi jambo ambalo taarifa za misheni hazikupenda kulikiri, kwamba aliyetolewa mkono mmoja akawekwa katika mwingine bado hajaulizwa anataka kwenda wapi. Si haki kulinganisha darasa na jahazi lile. Hata hivyo, wema usioweza kukataliwa unabaki na kasoro yake, hata uwe mkubwa kiasi gani.

Waswahili wana neno la kuitaja kasoro hiyo inapokomaa, nalo ni simango, yaani kumkumbusha mtu hisani aliyotendewa ili ajione mdogo. Si lazima simango litamkwe, kwani jina jipya la ubatizo linaweza kulibeba, kama linavyoweza kulibeba simulizi la maisha ya mtoto linalopelekwa Uingereza kwa wafadhili.

Dawa ya simango ni mtoaji kuwa mdaiwa. Edward Steere, aliyefika pamoja na Tozer na kumrithi uaskofu, asingeweza kufundisha neno lolote kabla hajafundishwa na wenyeji, na kitabu chake cha sarufi pamoja na mkusanyo wake wa hadithi za Unguja, vyote vya mwaka 1870, ni hati za deni kwa watu waliokaa naye wakimsahihisha, hata kama majina ya juu ya jalada hayasemi hivyo. Upande wa pili yupo Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa utotoni, akasomeshwa Kiungani, akapadrishwa mwaka 1890 na kufanya kazi bara kusini, Chitangali, miongoni mwa Wayao wenzake. Huyo hakulipa fadhila kwa kuirudisha ilikotoka, aliipeleka mbele, na kwa kufanya hivyo akaacha kuwa mpokeaji.

Vijana wa Ulaya na Marekani wanaokuja leo kufundisha watoto wa Unguja kwa wiki chache, wengine kwa jina la Kristo katika kisiwa ambacho wengi mno ni Waislamu, hawana ugumu wa homa wala umasikini wa posho, lakini upungufu wao mkubwa uko kwenye muda. Mgeni wa wiki sita huondoka kabla hajajua Kiswahili cha kutosha kuelewa mtoto anapomkatalia kwa adabu.

Tofauti na hao, mmisionari Caroline Thackeray alifika mwaka 1877 na kuiongoza shule ya Mbweni kwa robo karne. Alipostaafu hakurejea kwao, akazeeka pale pale, akihitaji majirani kama mzee yeyote anavyowahitaji, hadi alipofariki mwaka 1926 akazikwa Mbweni. Shule yake sasa ni magofu, na kanisa la jirani lingali likisaliwa.