Nguvu ya Trekta na Haja ya Shamba

Mtu mwenye pawatila hufika siku akajiuliza: je, niiuze, ninunue trekta lenye nguvu zaidi? Swali hili si la fedha tu, ni la moyo pia.

Sisi wa Masasi na Newala tunalo fundisho jirani. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta mengi, hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Lakini udongo wa Kongwa, ulipokauka, ulikuwa mgumu mno, vyuma vikavunjika. Mvua nazo zikakosekana. Januari 1951 mpango uliachwa, mamilioni ya pauni yamekwisha potea. Nguvu ilikuwapo, kuijua ardhi ndiko kulikokosekana.

Hatusemi kwamba mashine kubwa ni mbaya. Yeye ambaye mvua humkuta kila mwaka hajamaliza kulima, ana haki ya kuitafuta. Lakini tujiulize kwanza: ile ndogo imeshindwa kazi gani? Mafuta na vipuri tutavipata wapi? Huku kwetu uwandani udongo ni wa kichanga, na jembe lizamalo sana chini ya mikorosho hukata mizizi yake. Tena, je, tunaitaka kwa ajili ya shamba, au kwa sababu jirani anayo? Deni lililokopwa kwa ajili ya sifa, mavuno hayalilipi.

Basi tulipime shamba kwanza, ndipo tupime mashine.